Mafunzo ya demenshia kwa wahudumu wa afya: anzeni na neno "uzee"

SWALI: Mimi ni mganga mfawidhi wa kituo cha afya mkoani Shinyanga, na nina watumishi 14. Mwezi uliopita binti mmoja alimleta mama yake, mwenye umri wa miaka 70 na ushei, ambaye anasahau majina ya wanawe na amewahi kupotea njia ya kisimani anayoipita tangu aolewe. Tabibu wetu alimwandikia vitamini na kumwambia binti kwamba huo ni uzee. Nilipowauliza watumishi wengine, wengi waliona kuwa jibu hilo lilikuwa sawa. Halmashauri imeniahidi fedha za mafunzo ya siku mbili kuhusu demenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaompotezea mtu kumbukumbu na uwezo wa kufanya kazi zake za kila siku. Je, nianzie wapi, nani afundishwe, na kuna faida gani kuutambua ugonjwa ambao hapa hatuna dawa yake wala bingwa wa kuupokea?

JIBU: Ndugu Mganga Mfawidhi,

Nakushukuru kwa swali lako, na zaidi kwa kukiri jambo ambalo wakuu wengi wa vituo huona haya kulikiri. Tabibu wako hayuko peke yake. Shirikisho la kimataifa la vyama vya Alzheimer (aina ya demenshia inayojulikana zaidi), liitwalo Alzheimer's Disease International, liliwahoji watu wa nchi nyingi kwa ajili ya ripoti yake ya mwaka 2019, na karibu asilimia 62 ya watoa huduma za afya walijibu kuwa demenshia ni sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Lilipowahoji tena kwa ajili ya ripoti ya mwaka 2024, kiwango hicho hakikushuka bali kilifika asilimia 65. Hao ni watu waliosomea kazi yao. Kwa hiyo unachotaka kukirekebisha kwa fedha zako za siku mbili si upungufu wa taarifa peke yake. Ni imani iliyokalia kiti cha taarifa, na imani haiondoki kwa kuonyeshwa mchoro wa ubongo ukutani.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mafunzo yasianze na ubongo. Nimekaa katika mafunzo mengi yaliyoanza na seli za neva, yakapita kwa daktari Alois Alzheimer na mgonjwa wake wa mwaka 1906, yakaorodhesha aina za demenshia, kisha ikawa saa ya chakula cha mchana. Washiriki walinakili kwa bidii, wakafanya mtihani wa mwisho vizuri kuliko ule wa mwanzo, na Jumatatu wakaandika "uzee" katika faili kama walivyozoea. Ningekuwa mimi, ningeandika ubaoni maneno mawili tu, "Uzee tu", kisha ningemwomba kila mtumishi, kuanzia tabibu hadi mlinzi wa geti, aeleze ni nani katika ukoo wake aliyewahi kusemwa hivyo, alikuwa akifanya nini, na mwisho wake ulikuwaje. Utashangaa jinsi chumba kitakavyobadilika. Muuguzi aliyekaa kimya tangu asubuhi ataeleza jinsi bibi yake alivyokuwa akifungiwa ndani watu wakienda shamba, na hapo ndipo mtakapokuwa na somo mkononi, kwa sababu mtaweza kuuliza pamoja: mbona wazee wengine wa rika la bibi huyo, wenye mvi kama zake, hawakuwa hivyo?

Swali hilo lina jibu la hesabu, na hesabu hiyo inatoka nchini mwetu. Zaidi ya miaka kumi iliyopita watafiti walipita katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawapima watu karibu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na wakakadiria kuwa takriban asilimia 6.4 ya watu wa umri huo walikuwa na demenshia. Maana yake ni kwamba wazee zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuwa nayo. Kama ungekuwa uzee tu, ingekuwa kinyume chake. Hai si Shinyanga, lakini ikiwa eneo unalolihudumia lina wazee 400 wa umri huo, kiwango kama hicho kingekupa wagonjwa wapatao 25. Fungua kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya takwimu za kituo, cha wagonjwa wa nje cha mwaka jana, mbele ya watumishi wako, mhesabu mmeandika wangapi. Nadhani hamtapata hata mmoja, na si kwa sababu hawakuja kituoni. Walikuja, wakaandikiwa malaria, UTI, presha na maumivu ya mwili.

Nisije nikaonekana nawanyoshea wengine kidole, nami nina deni langu. Nikiwa daktari kijana, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimpokea mzee aliyekuwa fundi baiskeli. Wanawe walisema anasahau, anasinzia mchana, na asubuhi ile alikuwa amevaa shati ndani nje bila kutambua. Nilimwuliza umri wake, nikapima presha, nikaandika neno lile lile alilolitamka tabibu wako, nikampa na vitamini zile zile. Siku sita baadaye alirudishwa akiwa hawezi kusimama, na mwenzangu aliyempokea alimwuliza mke wa mzee swali moja ambalo mimi sikuliuliza: yalianza lini? Mama yule akajibu bila kufikiri, kwamba ni wiki tatu, tangu mzee alipojigonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango wa choo. Ilikuwa damu iliyokuwa ikivuja taratibu na kujikusanya kati ya fuvu na ubongo. Alifanyiwa upasuaji, akapona, akarudi kwenye spana zake. Wala hakuwa na demenshia. Alikuwa na daktari asiyeuliza.

Kutokana na hayo, kama ningelazimika kufundisha jambo moja tu na kuyaacha mengine yote, ningefundisha maswali mawili na namna ya kuyauliza. La kwanza ni hilo la lini yalianza, na yamekuja ghafla au yamenyemelea. La pili ni hili: ni kitu gani alichokuwa akikifanya mwenyewe ambacho sasa hakifanyi, au anakifanya kwa kukosea? Usiulize "Je, anasahau?" kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo, hata mimi nasahau. Uliza kuhusu kazi za siku. Mama aliyepika ugali kwa miaka 50 sasa anatia unga kabla maji hayajachemka, au anapika, anaepua, kisha baada ya muda mfupi anabandika sufuria nyingine kwa sababu hakumbuki kuwa watu wamekwisha kula. Mzee aliyekuwa mweka hazina wa kikundi sasa anapunjwa chenji dukani. Mwingine alikuwa akituma fedha kwa simu, sasa namba yake ya siri anaijua mtaa mzima kwa kuwa kila siku anaomba kukumbushwa. Ukiona kazi za kila siku zinaporomoka taratibu kwa miezi sita au zaidi, pamoja na kumbukumbu au kujua mahali na majira, basi unalo la kufuatilia. Kipimo hicho cha miezi sita kimo pia katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP, ambao ulitungwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa; sura yake ya demenshia ni fupi, na inafaa kuwa kitabu chenu cha darasa.

Maswali hayo yafundishwe kwa kuigiza, si kwa kusomwa. Wekeni viti vitatu: mmoja awe mama, mwingine binti, wa tatu tabibu. Katika raundi ya kwanza usiwape maelekezo yoyote, uwaangalie tu. Karibu kila mara tabibu atageukia kwa binti na kuanza kumsema mama kama vile mama ni mzigo uliobebwa hadi pale: "Anakula? Analala? Anajisaidia mwenyewe?" Simamisha igizo, umwulize aliyeigiza mama alijisikiaje. Kisha lirudiwe kwa utaratibu mwingine: tabibu amwamkie mama kwanza, amkalishe mahali ambapo mwanga unaangukia uso wa tabibu na si macho ya mama, azungumze naye dakika chache kuhusu safari na watoto, halafu amwombe ruhusa ya kuzungumza na binti pembeni. Pembeni ni muhimu sana kwetu. Mtoto mwenye adabu hawezi kusema mbele ya mzazi wake kwamba mama siku hizi anajikojolea au anamwita mkwe wake mwizi, na ukimlazimisha atakuambia hali si mbaya.

Katika dakika hizo chache za mazungumzo kuna dalili ambayo wahudumu wako wanaiona kila siku bila kuijua. Mwulize mama swali jepesi, kama vile jana mlikula nini. Mwenye matatizo ya kumbukumbu mara nyingi atamgeukia binti na kusema, "Mwambie bwana, wewe ndiye unayejua," au atacheka na kujibu kuwa mambo ya siku hizi hayafuatilii. Jibu hilo lina heshima, lina ucheshi, na linaficha shimo. Ukilisikia mara moja si kitu. Ukilisikia mara tatu katika maongezi mafupi, liandike kwenye faili kwa maneno yake mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo lije somo la yale yanayofanana na demenshia, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalookoa maisha katika ngazi yenu. Mzee aliyechanganyikiwa kwa siku mbili tatu, ambaye asubuhi ana nafuu na jioni haelewi kitu, ambaye hawezi kushikilia mazungumzo wala kutaja siku za wiki kinyumenyume, huyo ni mgonjwa wa dharura hadi ithibitike vinginevyo. Tafuta malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka, mkojo uliozuiwa na tezi dume, hata choo kilichofunga kwa wiki nzima. Mwenye demenshia naye anaweza kupatwa na hali hii juu ya ugonjwa wake, na familia itakuambia tu kwamba "amezidi". Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha, nayo huvaa vazi la usahaulifu. Mara nyingi mwenye sonona hulalamika mwenyewe kuwa anasahau na hujibu "sijui" bila kujaribu, ilhali mwenye demenshia huletwa na wanaomlalamikia, na yeye haoni tatizo liko wapi. Na katika hospitali yenye maabara ya kutosha, wapimwe pia virusi vya UKIMWI, kaswende, homoni za tezi ya shingo na vitamini B12.

Dawa zinahitaji saa yake peke yake. Mwombeni kila mzee aje na mfuko wa dawa zote anazotumia, zikiwemo za duka la dawa muhimu na za mitishamba, mzimwage mezani. Mtakuta Piriton aliyopewa kwa kuwashwa mwaka juzi na hajaiacha, amitriptilini ya ganzi ya miguu, diazepamu ya usingizi. Kila moja katika hizi inaweza kuutia ukungu ubongo wa mtu wa miaka 75, na zikikutana tatu, mnaweza kumfanya mzee mzima aonekane ana demenshia. Nimewahi kumwona bibi aliyerudi kuhesabu kuku wake wote baada ya kupunguziwa dawa mbili tu, taratibu na kwa uangalizi, kwa sababu diazepamu iliyotumika muda mrefu haikatwi ghafla.

Kuhusu vipimo vya kumbukumbu, nakuomba usiokote vile vya mtandaoni na kuvitafsiri. Kipimo kinachojulikana zaidi duniani, kilichotungwa Marekani mwaka 1975, kinamtaka mtu aandike sentensi, achore pembetano mbili zinazopishana, na kupunguza saba saba kuanzia 100. Mzee ambaye hakupelekwa shule atashindwa, na hapo utakuwa umepima shule aliyoikosa, si ubongo wake. Watafiti waliofanya kazi Hai pamoja na wenzao wa Nigeria walitunga kipimo kifupi kinachoitwa IDEA kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Hakihitaji kalamu kwa anayepimwa. Anaulizwa siku ya leo, anaulizwa kiongozi wa kijiji ni nani, anataja wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja, anaeleza daraja ni kitu gani, anakumbuka maneno aliyosomewa muda mfupi uliopita, na anapanga njiti nne za kiberiti kwa kufuata mfano aliowekewa. Alama za juu ni 15. Ni kazi ya dakika chache, na mhudumu asiye bingwa anaweza kujifunza kuifanya. Lakini wahudumu wako wakariri jambo hili: kipimo kinamchuja mtu, hakimpi ugonjwa. Wapime kwa lugha anayoiota mzee. Kama ni Kisukuma, na kiwe Kisukuma. Na kabla ya kupima, wamtazame masikio yasiwe yamejaa nta, na macho yasiwe na mtoto wa jicho. Mzee asiyesikia vizuri nina njia rahisi ya kuzungumza naye: namvalisha yeye stethoskopu masikioni, kisha naongea polepole kwenye ile sahani ya kusikilizia moyo. Mara ya kwanza watu hucheka, lakini nimekuta "wagonjwa wa demenshia" kadhaa ambao tatizo lao lilikuwa usikivu.

Sasa nije kwenye maneno ya kumwambia binti, ambayo katika mkoa wako yana uzito kuliko mahali pengi. Unajua kuliko mimi jinsi akina mama wazee wa Kanda ya Ziwa walivyodhulumiwa, na wengine kuuawa, kwa macho yao mekundu na kwa maneno ya jirani. Mama anayetoka usiku, anayeongea na watu wasioonekana, anayekutwa nyuma ya nyumba ya mtu asijue amefikaje, ana maelezo mawili tu mtaani: uzee au uchawi. Mhudumu anaposema "ni uzee", ameacha mlango wa pili wazi. Anapaswa kutamka jina la tatu. Kiswahili chetu bado hakijakubaliana juu ya jina hilo. Wengine husema demenshia, wengine ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na sioni ubaya wa kutumia yote mawili pamoja. Ninachosisitiza ni kusema "ugonjwa wa ubongo" na si "ugonjwa wa akili". Mabingwa wanaweza kubishana nami, na ni kweli kwamba anayeugua akili hastahili dharau yoyote; lakini kwa msikilizaji wa kijijini, akili ni tabia na utu wa mtu, na ikiugua watu hutafuta aliyeiharibu. Ubongo ni kiungo kama figo au ini, na kiungo huugua bila kurogwa. Wahudumu wafanye mazoezi ya kuitamka sentensi hiyo kwa sauti, kila mmoja kwa lugha yake, hadi iwatoke bila kusita: "Mama ana ugonjwa wa ubongo. Hakuuleta yeye, wala hakuna aliyemtupia. Utaendelea taratibu, na kuna mengi ya kufanya." Na pale ambapo familia imekwisha kumsikia mganga wa jadi, msigombane naye mbele yao, muulizeni tu kama anaweza kuwasaidia kumlinda mama asipotee.

Faida unayouliza inaanzia hapo. Ni kweli hakuna dawa ya kuponya. Zile kama donepezili huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda, na dawa mpya za sindano zinazotumika Marekani na Ulaya zinahitaji picha za ubongo na ufuatiliaji ambao tusijidanganye kuwa tutaupata kesho kwenye kituo cha afya. Lakini mama aliyetambuliwa mapema anaweza kusema mwenyewe, akiwa bado anajua, shamba lake liwe la nani, kabla hajawekewa karatasi na kidau cha wino wa dole gumba. Binti yake, ambaye amebeba kazi hii peke yake, kwa kawaida kwa sababu ni binti, anajua kuwa hapigani na ukaidi. Presha na kisukari vyake vinatibiwa kwa makini zaidi. Hili la mwisho linawahusu hata wasiougua bado: jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kuwa karibu asilimia 45 ya demenshia duniani inatokana na mambo 14 yanayoweza kuzuiwa au kucheleweshwa, yakiwemo presha, kisukari, kuvuta sigara, kutosikia, kutoona na upweke. Kliniki yenu ya presha ya kila wiki tayari ni kliniki ya kuzuia demenshia, ila haijaambiwa.

Kuna jambo jingine la kufundisha ambalo watu hulikosea kwa nia njema kabisa, nalo ni tabia zinazoisumbua familia. Chukua mfano wa mzee aliyekuwa mfugaji. Kila siku ikifika saa kumi jioni anachukua fimbo na kutaka kwenda kuwarudisha ng'ombe, na ng'ombe wenyewe waliuzwa miaka kumi iliyopita. Wanawe humwambia ukweli: baba, hakuna ng'ombe. Hukasirika, huwapiga fimbo, hufungiwa ndani, hupiga kelele usiku, hatimaye huletwa kwenu "achomwe sindano alale". Mwulize mhudumu wako: saa kumi jioni, katika maisha ya mzee huyu, ilikuwa saa ya nini? Akishalijibu hilo, ushauri unakuja wenyewe. Mjukuu atoke naye saa kumi kasoro, wazunguke hadi kwenye malambo na kurudi, wazungumze juu ya ng'ombe aliyekuwa na pembe moja. Haponi, lakini analala. Na kabla ya ushauri wowote wa namna hiyo, mhudumu aangalie kwanza kama kuna maumivu, njaa, kibofu kilichojaa au homa, kwa sababu mtu asiyeweza kusema "tumbo linaniuma" atasema kwa fimbo.

Kuhusu sindano yenyewe, nasema bila kuzunguka: haloperidoli na jamii yake, dawa wanazopewa wagonjwa wa akili, si dawa za kunyamazisha wazee. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo kali kwamba dawa za kundi hili huongeza vifo kwa wazee wenye demenshia, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi zile za zamani tulizonazo sisi. Wenye aina moja ya demenshia, ile inayokuja na kutetemeka na kuona watu au wanyama wasiokuwepo, wanaweza kukakamaa vibaya sana kwa dozi ndogo tu. Zipo nyakati chache za hatari kubwa ambapo hutumika, kwa dozi ndogo, kwa siku chache, na kwa ushauri wa daktari. Hilo liandikwe ukutani katika chumba cha dawa.

Nani afundishwe? Wote 14, ila si kwa kina kimoja. Uingereza walipotunga viwango vyao vya mafunzo ya demenshia mwaka 2015 waliweka ngazi tatu: wote wanaokutana na wagonjwa, wale wanaowahudumia mara kwa mara, na wachache wanaoongoza. Kwenu ngazi ya kwanza ni pamoja na mlinzi, mhudumu wa usafi na anayeandikisha kadi, kwa kuwa ndio wanaomwona mama akizubaa kwenye foleni au akitoka getini peke yake. Ngazi ya pili ni matabibu na wauguzi. Ya tatu, chagua wawili, mmoja tabibu na mmoja muuguzi, wasiozidiwa na kazi kuliko wenzao na wasiotarajiwa kuhamishwa karibuni. Ongeza wahudumu wa afya ngazi ya jamii hata kama hawamo katika hesabu yako ya watumishi. Katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, wenzao wamefundishwa kuwapima wazee majumbani kwa hojaji fupi na kuwaelekeza kituoni, na kazi hiyo inalingana kabisa na ziara wanazozifanya tayari.

Zile siku mbili ningeomba kwa halmashauri zigeuzwe. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Claire Surr wa Chuo Kikuu cha Leeds Beckett mwaka 2017 yaligundua kuwa mafunzo ya demenshia yaliyobadilisha kazi yalikuwa ya jumla ya saa nane au zaidi, kila kipindi kisipungue dakika 90, ana kwa ana, yakihusu kazi halisi ya mshiriki, na yakiongozwa na mtu mzoefu. Kusoma kijitabu peke yako, au kukaa mbele ya kompyuta peke yako, hakukufua dafu. Kwa hiyo fanya vipindi vitano vya saa mbili mbili, kila Jumatano alasiri baada ya foleni kuisha. Kati ya Jumatano na Jumatano kila mtumishi azungumze na mzee mmoja na kuleta habari zake. Najua swali la posho litaulizwa, nawe utalijibu kuliko mimi. Chai na maandazi ya vipindi vitano hayazidi gharama ya ukumbi mmoja mjini. Bingwa wa afya ya akili kutoka hospitali ya mkoa aombwe kwa kipindi cha tatu na cha tano tu, na apewe namba za simu za wale wawili wa ngazi ya tatu, wapate mtu wa kumpigia.

Usipime mafanikio kwa mtihani. Baada ya miezi mitatu fungua tena kile kitabu cha MTUHA, uhesabu wazee walioandikiwa tatizo la kumbukumbu, kisha chomoa mafaili kumi ya watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi, utazame ni mangapi yenye jibu la "lini yalianza". Ukikuta hata manne, mmefika mbali. Halafu mwite yule binti wa mwezi uliopita. Mwambie tu kwamba mngependa kumwona mama tena, na awe na mfuko wake wa dawa.

Kwa ajili ya kipimo cha njiti, kiberiti kimoja kinatosha kituo kizima. Chagueni ambazo vichwa vyake havijapukutika, kwa sababu mzee anatakiwa kuona kichwa kimeelekea upande gani, na mziweke kwenye droo yenye ufunguo; nilipofundisha mara ya mwisho, zetu ziliwasha jiko la chai.